Siku Mama Alipokalia Benchi la Sindano

Mpaka likizo ile nilikuwa naamini manesi wanazaliwa wameshachanjwa. Mama yangu alikuwa nesi wa zahanati huku Endabash, na mikono yote niliyoijua aliichoma yeye, ya mwalimu na ya mlevi. "Legeza mkono, hauibiwi," ndiyo ilikuwa salamu yake.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia bondeni, upande wa ziwani. Mama alipangiwa kushuka kesho yake na Landrova kwenda kuhudumia wagonjwa, lakini kwanza yeye na nesi mwenzake wachanje kijiji. Mimi nilikaa kwenye foleni nikiwanong'oneza wenzangu kwamba sindano zimeazimwa kwa bwana mifugo.

Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Singida, kibarua wa shamba la kahawa. Alipofika akafunga mikono kifuani.

"Nesi, wewe umechomwa?"

"Nimechomwa."

"Lini?"

"Mama, foleni ndefu hii."

Nikaangua kicheko. Chanjo ile ilivimbisha mkono kama andazi, na asubuhi hiyo mama alijitwisha debe la maji mwenyewe. "Mama, tuonyeshe andazi lako!" nikapaza sauti.

Watu wakacheka. Mama akamwangalia nesi mwenzake, na mwenzake akaanza kupanga pamba ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Wote wawili hawajachomwa! Na kesho mama anakwenda kufuta matapishi ya watu! Nimeshakutana na tembo katikati ya mahindi yetu, sikushtuka namna ile.

Akanivuta nyuma ya pazia. "Wewe mtoto utaniua kwa aibu."

"Kitakachokuua ni kipindupindu. Kwa nini hujachomwa?"

"Chanjo iliyopita mwenzangu huyu alianza yeye," akanong'ona. "Akalala na homa. Kijiji kikasema, kama nesi mwenyewe ameanguka, sisi je? Kesho yake hakuja mtu. Tukakubaliana, watu kwanza, sisi dawa ikibaki."

"Huwa inabaki?"

Akashika pazia atoke.

"Basi na mimi sichomwi," nikasema. Alinitazama aone kama natania. Sikucheka.

Akanigombeza kwa Kiiraqw, mkeka mzima wa maneno, halafu akatoka, akakaa kwenye benchi mbele ya watu na kupandisha mkono wa gauni. Mwenzake akamchoma. Mama yangu, yule wa "hauibiwi", alibana mkono na kufumba macho kama mtoto wa chekechea. Nikachomwa nami.

"Mimi nitakuja kesho," akasema mama wa Singida, akaondoka. Nusu ya foleni ikamfuata.

Asubuhi homa ikamshika kweli, kama alivyoogopa. Alikaa kwenye baraza la zahanati, kanga mbili mabegani, mkono umetuna, akisubiri gari. Yule mama wa Singida akaja na kundi nyuma yake. Wakasimama mbali. Akaniuliza mimi:

"Mama yako amelalaje?"

"Na homa."

Wakatazamana. Nikaona mambo yameharibika.

"Lakini ameamka?"

"Ameamka na kugomba. Tangu alfajiri, eti chai yangu ni maji ya kuoshea vikombe."

"Bado anagomba?"

Kabla sijajibu, baraza likanguruma: "Wewe! Acha porojo, lete beseni!"

Mama wa Singida akacheka mpaka akashika kiuno. "Huyo mzima. Nichomeni." Kundi likajipanga nyuma yake.

Landrova ikafika, ikapiga honi. Mama akapanda akijivuta kwa mkono mmoja. Nesi mwenzake akaangalia foleni, akaangalia gari, kisha ghafla akaliburuta benchi hadi mbele, akakaa yeye na kukunja mkono wa gauni.

"Sasa mimi nani atanichoma?"

Dereva akapiga honi tena. Mama akamwambia anyamaze, akateremka.