Injini Saba za Wekulo

Watu husema nina roho mbaya. Sawa, ninayo. Mimi ni Ndunge, napika chapati na maharagwe pale steji ya nduthi, hizi pikipiki za abiria, Sarang'ombe, mwaka wa tisa sasa. Kama unatafuta mtu wa kusamehe, nenda ukae na mume wangu. Kimanzi alizaliwa bila nyongo. Mtu akimkanyaga, yeye ndiye husema pole. Ameendesha pikipiki tangu nikiwa na mimba ya Yvonne wetu, na miaka yote hiyo hajawahi kumwangusha abiria, hata yule mlevi aliyelala mgongoni mwake kutoka Kawangware mpaka Kibera. Steji nzima inajua hilo. Ndiyo maana niliwaka waliposema ati ni mzembe.

Yote yalianza pikipiki ilipoanza kutoa moshi na kunywa oili. Wanzala, mwendeshaji mwenzake pale steji, akamwambia, "Buda, peleka kwa brathe yangu Wekulo, pale Kabiro. Yule huunda injini akiwa amefunga macho." Wekulo na Wanzala ni baba mmoja, mama mmoja, na waendeshaji kadhaa wa steji yetu walikuwa wameshampelekea kazi. Basi Kimanzi naye akapeleka.

Siku ya kufunga injini nilimpelekea mume wangu chakula huko Kabiro, nikakaa kwenye tairi kuukuu nikingoja amalize nirudi na vyombo. Nikaona kwa macho yangu haya. Kimanzi alikuwa amenunua gasketi mpya, ile karatasi ngumu ya kukaa katikati ya vyuma oili isivuje. Gasketi sikuiona. Wekulo alishika tyubu ya gundi nyekundu, akapaka, akapaka, kama mtoto aliyeachiwa Blueband.

"Fundi, na ile gasketi?" nikauliza.

Hakuinua hata kichwa. "Mama Yvonne, rudi kwa chapati zako. Hii ni kazi ya wanaume."

Waliokuwa pale wakacheka. Kimanzi naye akacheka kidogo, kwa adabu tu. Mimi nikanyamaza, na mpaka leo najilaumu kwa kule kunyamaza.

Sasa, injini ikiundwa upya huwa inalelewa. Wiki mbili unaenda polepole, abiria mmoja, hakuna mizigo, hakuna kuivuta kwa mlima. Haki, Kimanzi aliilea ile injini kuliko alivyomlea Yvonne. Siku ya tisa akambeba Awiti, mama wa omena kutoka Kisumu Ndogo, naye hakuwa na kitu ila mkoba. Wakiteremka kuelekea darajani, injini ikanoki, vyuma vikashikana ndani. Gurudumu la nyuma likakwama papo hapo, wakaruka wote wawili. Kimanzi akachunika mkono mzima. Awiti akavunjika mfupa wa bega.

Wekulo alipoulizwa, akasema, "Hakuilea. Alipakia watatu na gunia juu." Na watu wakaamini! Kila fundi husema hivyo injini ikiharibika, na kila mwendeshaji anajua dhambi zake, kwa hivyo hakuna anayebisha. Ephantus, mwenyekiti wa steji, akaitisha mkutano Jumapili alasiri. Kimanzi akionekana mzembe, atarudisha reflekta yake, ile fulana ya steji, na kuondoka. Na mtu akifukuzwa steji moja, ni nani mwingine atampokea? Hapo ndipo chakula chetu kilipokuwa kimening'inia, na nyumba, na shule ya Yvonne.

"Hasira hasara, Mama Yvonne," Kimanzi akaniambia. "Mwachie Mungu."

"Hasara tumeshapata," nikamjibu. "Sasa niachie hasira yangu."

Injini niliiweka chini ya kitanda, nikaifunika na gunia, na hakuna fundi aliyeruhusiwa kuigusa. Kila mwendeshaji aliyekuja kula kwangu wiki hiyo, nilimuuliza kabla ya kumpakulia: oili hupitia wapi ndani ya injini? Tundu liko upande gani? Walidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Kisha nikamwomba mwenyekiti amwite Wekulo aje atoe ushahidi yeye mwenyewe. Na mjinga akaja, amepiga shati pasi.

Alipomaliza kusema uongo wake mbele ya watu, tukaleta ile injini ndani ya karai, mimi upande huu na Kimanzi upande ule akininong'oneza niache. Tukaitua miguuni pa Wekulo.

"Wewe ndiye uliifunga," nikamwambia. "Ifungue."

"Mama, hapa si jikoni."

"Najua. Jikoni kwangu hakuna mtu amewahi kuvunjika bega."

Watu wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Ephantus akamwambia afungue. Wekulo akashika spana, akalegeza moja moja, na alipoinua tu kile chuma cha juu, mkono wake mwingine ukaenda mbio kwa kitambaa. Nikamdaka.

"Usipanguse! Mwenyekiti, angalia hilo tundu la oili, hapo kando."

Ephantus akaokota waya, akachokoa. Kikatoka kipande cha gundi nyekundu, saizi ya harage. Oili haikuwa imepanda juu hata tone. Ephantus akakiweka kiganjani, akakipitisha kwa kila mtu aone, na hata Awiti, mkono wake ukiwa umefungwa kwa leso, akakifinya kwa vidole.

Wanzala akaruka. "Hiyo ni makosa moja tu! Brathe yangu ameunda injini saba hapa kwetu. Mbona hizo sita hazijanoki?"

"Ni bahati mbaya," Wekulo akadakia. "Hiyo moja tu. Hizo zingine ziko fiti."

Nyuma huko watu walikuwa wameanza kusema achapwe, na mmoja alishaokota jiwe. Nani akasimama mbele ya Wekulo kumkinga? Si huyo mume wangu, na bandeji yake! Nilitamani kumfinya.

"Hakuna wa kumgusa," nikasema. "Mimi nataka apande. Leteni hizo sita. Fundi akae nyuma, mteremko ule ule, gia ya mwisho mpaka darajani. Moja baada ya nyingine. Akizimaliza, nitapiga magoti hapa nimwombe msamaha, na Kimanzi arudishe reflekta leo hii."

"Mama Yvonne!" Kimanzi akashtuka.

"Nyamaza, Baba Yvonne."

Kama angekuwa na ujasiri wa kupanda, tungekuwa tumekwisha.

Wakazipanga. Wekulo akaiendea ya kwanza, akaitazama, akajikuna shingo. "Hii ningependa kwanza niiangalie kidogo." Mwenye pikipiki akachomoa ufunguo, akashuka. Ya pili, ati ina mlio. Ya tatu, ati goti linamuuma. Loo! Mkuki kwa nguruwe! Ya nne alitikisa kichwa tu. Mwenye ya tano alimtukana kwa lugha ya kwao mpaka akaishiwa pumzi. Mimi nilikuwa nahesabu kwa sauti, na sitawadanganya, nilikuwa naona utamu. Ephantus alikuja akamvisha Kimanzi reflekta, akamfunga zipu kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu mkono wa Kimanzi haukuwa umepona. Ningeweza kuachia hapo.

"Imebaki moja," nikasema.

Ya sita ilikuwa ya Wanzala. Alikuwa ameshaiwasha. Akasogea mbele kwenye kiti, akapigapiga nafasi nyuma yake. "Panda, brathe. Waonyeshe hawa."

Wekulo akaweka mkono kwenye kiti. Akautoa.

"Zima, Wanzala," akasema.

"Panda tuende."

"Nimesema zima."

Wanzala akageuka polepole. Kila asubuhi pikipiki hiyo humpeleka mkewe, Mercyline, kazini Kawangware, mtoto mgongoni, na hupita mbele ya karakana ya Wekulo. Mimi huwaona wakitoka.

"Ni ile gundi?" Wanzala akauliza. Wekulo akatazama chini. "Na Mercyline umekuwa ukimpungia mkono?"

Wanzala akazima injini, akashuka, akaanza kuisukuma pikipiki kwa mikono kuelekea nyumbani, na kaka yake akamfuata hatua chache akimwita kwa jina la utotoni. Wanzala hakugeuka. Wekulo akakaa chini palepale vumbini na shati lake la pasi, akalia mbele ya watu wote. Kimanzi akanivuta mkono, akaniambia twende, tusimtazame mtu akiwa hivyo. Nikamwambia atangulie. Nilikuwa nimengoja wiki nzima kumwona mtu huyo akilia, nami nilisimama hapo nikamtazama mpaka akamaliza.