Mtoko wa Kwanza wa Mama

Enzi zetu, likizo haikuanza siku mwalimu mkuu alipofunga shule. Kwetu Nangara, kando ya mji wa Babati, nyumbani kwa Baba Paskalina, likizo ilianza siku dada yetu mkubwa aliposhuka kwenye basi la Dodoma akiwa na begi la magurudumu ambalo halikuwa na kazi yoyote kwenye njia zetu za vumbi na mawe. Mimi na kaka yangu Emanueli tulilibeba kichwani kwa zamu, magurudumu yakizunguka bure hewani, na kila mtu mzima tuliyepishana naye tulimwamkia kwa sauti ya juu kuliko kawaida ili atuulize huyo tuliyefuatana naye ni nani. Akiuliza tu, tunajibu kwa pamoja: ni Dada Paskalina, ametoka chuo kikuu.

Vijana wa leo hawawezi kuelewa. Siku hizi kila uchochoro una msomi wake, na ukimtuma chumvi dukani ananuna mpaka jioni. Wakati ule mtaani kwetu alikuwa yeye peke yake. Walimu walisimama kumpa mkono, na wazee waliokuja kwa Baba kuongea habari za ng'ombe walimtaka aketi nao. Lakini yeye akifika nyumbani alivua viatu, akajifunga kanga, akaingia bandani kukamua kabla hata ya kunywa chai. Nilimpenda kwa mengi, ila hilo la kukamua ndilo lililonifanya niwatambie watoto wenzangu, maana mama zao walishasema kwamba mtu akisoma sana anasahau chuchu za ng'ombe.

Likizo ndefu ya chuo iliangukia wakati wa kuvuna mbaazi. Upepo wa baridi ulishuka kutoka mlima Kwaraa, midomo ikatupasuka, na uani kwetu kukawa na lundo la mbaazi kavu la kupigwa kwa fimbo tangu asubuhi. Kazi ile ya mavumbi na kuwashwa mwili, Paskalina aliigeuza starehe. Alitugawa makundi mawili, kundi lake na kundi la Emanueli, na kundi lililoshindwa liliimbiwa nyimbo za kuchekesha ambazo yeye na wenzake waliimba bwenini. Jioni tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ufumuke, na yeye na ukubwa wake wote alikaa katikati kukwepa mpira huku akilalamika kwamba tunamwonea. Baada ya makande na mtindi, alitoa karata. Mpaka leo sijamwona mtu anayejua kufurahi kwa vitu vidogo kama yule dada.

Yeye ndiye aliyetuletea birthday. Kwetu hakuna aliyeijua siku yake ya kuzaliwa. Ukimuuliza Baba umezaliwa lini, anakuambia ni ule mwaka mbaazi zilikataa. Paskalina akasema basi kila mtu atachaguliwa siku. Ya Emanueli ilikuwa ya kwanza. Asubuhi kaka anatoka ndani anapiga miayo, dada akammwagia ndoo nzima ya maji ya baridi kichwani, kama wanavyofanyiana wao chuoni. Emanueli alipiga yowe, Baba akatoka mbio na fimbo yake ya kuchungia.

"Mtoto amekosa nini?" akauliza.

"Hajakosa kitu, Baba. Tunamsherehekea."

Baba alimwangalia mtoto anayetetemeka, akaiangalia ndoo, akarudi ndani. Mama ndiye aliyesema, kwa kuwa yale maji alikuwa ameyafuata bombani mwenyewe. "Paskalina, sherehe ya kwenu inakunywa maji kuliko ng'ombe." Alisema hivyo, lakini mchana alichinja jogoo na kupika wali wa mchele wa Magugu, ule tuliozoea kuuona Krismasi tu, na Emanueli alikula paja zima akiwa mwenye siku yake.

Na kila likizo kulikuwa na Jumapili ya ziwani. Tukitoka kanisani, Paskalina alitukusanya sisi na watoto wa majirani, tukashuka kwa miguu mpaka ziwa Babati, tukala perege wa kukaanga kwenye mgahawa wa wanawake fulani, na kutafuta masikio ya viboko majini. Fedha zake za kujikimu chuoni alizibana mwaka mzima kwa ajili ya ile Jumapili. Wenzake walinunua viatu, yeye alirudi na vilevile ila matumbo yetu yalishiba samaki.

Mtu mmoja tu hakuwahi kwenda, naye ni Mama.

Mama aliletwa Nangara na Baba kutoka milima ya Mbulu akiwa binti mbichi. Kutoka shambani kwetu ziwa linaonekana, linang'aa kule chini, na miaka yote hiyo aliliona hivyo hivyo, akiwa ameinama na jembe. Kila Jumapili ya ziwani alikuwa na sababu. Ng'ombe amekaribia kuzaa. Mbaazi zitanyeshewa. Kuna mgonjwa wa kwenda kumwona. "Nyinyi nendeni, mimi nitakuja siku nyingine."

Sababu ya kweli niliisikia likizo ya mwisho kabla Paskalina hajamaliza chuo. Dada alikuwa akimsuka Mama nywele uani, mimi nikimshikia kitana, na akaanza tena kumbembeleza.

"Sasa nikakae mezani, watu waniletee chakula," Mama akasema. "Kwani nani amekufa?"

Paskalina alicheka, lakini Mama hakuwa akitania. Kwetu mwanamke mzima hatengewi chakula akiwa ameketi ila kwa mambo matatu: amejifungua, anaumwa, au amefiwa. Zaidi ya hapo yeye ndiye anayepika na kutenga, na akila kwa watu anainuka kusaidia kuosha vyombo. Mama aliona kukaa tu na kupikiwa akiwa mzima wa afya ni kuita mabaya. Baba naye, aliyekuwa akinoa panga pembeni, akamuunga mkono. "Mwacheni mama yenu, hajazoea mambo hayo."

Usiku ule dada aliniambia kitu ambacho utoto wangu ulikibeba kama jiwe. Alisema akimaliza chuo atapangiwa kazi mbali, huenda asirudi nyumbani kwa muda mrefu, na hataki aondoke wakati mama yake anajua kazi, misiba na uzazi tu. Anataka siku moja Mama atoke kwa sababu ya raha peke yake. Sikuwahi kumwona Paskalina akilia, na usiku ule nilisikia sauti yake imebadilika, nikaogopa.

Jumapili iliyofuata aliamka kabla ya jogoo. Rafiki yake Rehema, binti wa Dar es Salaam aliyekuja naye likizo ile na kuogopa hata ndama, aliamka naye. Mama alipotoka nje alikuta ng'ombe wamekamuliwa, majani yamekatwa, maji yamejaa, makande yako jikoni yanatokota, mbaazi zimefunikwa turubai. Alizunguka uani akitafuta sababu, akakosa. Akasema basi nyumba haiwezi kubaki peke yake.

"Nitabaki mimi," Baba akasema.

Hatukuamini masikio yetu. Jumapili baada ya misa Baba alikuwa na wazee wenzake, hilo lilijulikana na kila mtu. Alivuta kigoda, akakaa karibu na mlango wa banda, akaangalia pembeni. Mama akaingia ndani. Akavaa kitenge chake cha akina mama wa kanisani, akajitupia mtandio begani, akashika njia nasi, misani kwanza kisha ziwani.

Pale mgahawani alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Samaki walipoletwa alitaka kuinuka ampokee mhudumu sinia, Paskalina akamshika mkono taratibu. Alikula kidogo kidogo, macho chini. Rehema alijitahidi kumchekesha, "Mama, huyu perege kanishinda, nisaidie," na Mama akatabasamu kwa adabu tu. Nilimwona dada akimtazama mama yake na uso ukimshuka. Siku aliyoisubiri miaka yote ilikuwa inapita, na Mama alikuwa pale kama mfiwa.

Tulipomaliza, kabla hatujajua kinachoendelea, Mama alishakusanya sahani zetu. Akazipanga, akaweka na za meza ya jirani juu yake, akaelekea jikoni nyuma ya mgahawa. Mhudumu alimkimbilia. "Mama, kaa, hiyo ni kazi yetu."

"Kwani mimi nimevunjika mkono?" Mama akamjibu, akapita.

Watu walikuwa wengi siku hiyo, waliokuja kwa magari na waliokuja kwa miguu. Meza mbili tatu zilianza kucheka. Kulikuwa na vijana waliomjua Paskalina kutoka sekondari, wamevaa vizuri, nao walikuwa wakiangalia. Sisi watoto tulimtazama dada. Alikuwa na blauzi nyeupe na ile sketi yake ya chuo.  Akavua saa, akampa Emanueli aishike, akatoa kanga kwenye mkoba, akajifunga kiunoni, akamfuata Mama. Nilisikia sauti yake kutoka jikoni, tulivu kabisa, "Mama, wewe sugua, mimi nasuuza." Rehema akainuka naye akaenda.

Niliwafuata nikachungulia. Walikuwa wanawake wanne wa pale na hao wetu watatu wamezunguka mabeseni, mapovu mpaka kwenye viwiko. Mwenye mgahawa, wote walimwita Mama Happy, aliuliza Mama anatoka wapi, na Mama alipotaja kijiji chake cha kule juu Mbulu, yule mama aliweka sufuria chini akaanza kuzungumza Kiiraqw, lugha ya kwao Mama. Alikuwa amezaliwa kijiji cha jirani na hicho. Hapo tena hatukuwepo. Walitajiana watu, visima, mwaka wa njaa, bibi mmoja mchoyo waliyemjua wote wawili. Mama akacheka. Nasema akacheka, si tabasamu la kanisani. Alicheka mpaka akashika ukingo wa beseni, na mimi mtoto wake wa kumzaa nilikuwa sijaisikia sauti ile kabla.

Vyombo vilipoisha walitoka wote mpaka ukingoni mwa maji. Kiboko mmoja aliinuka karibu na matete, mgongo wote nje. Mama akamchunguza vizuri kama anavyochunguza ng'ombe aliyeletwa kutoka mnadani. Akauliza anakula nini. Mama Happy akamjibu, majani. "Majani tu?" Mama akasema. "Huyu ningemkatia kutwa nisimalize." Wakacheka tena, na akavua kandambili akaingiza miguu majini, akakaa hivyo mpaka jua likaanza kulegea. Sisi ndio tuliomwomba turudi nyumbani.

Siku zote Baba ndiye aliyerudi nyumbani na habari za mnadani, naye Mama akasikiliza huku akikoroga ugali. Jioni ile Mama ndiye aliyekuwa na habari. Alianza kumsimulia Baba kabla hajaketi, kisha akaketi akaendelea, na Baba akiwa anasikiliza alimimina chai kwenye kikombe, akampa. Mama akakipokea, akanywa, akaendelea na habari ya bibi mchoyo. Paskalina alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka nje kimya kimya, nikamkuta ameegemea ukuta anajifuta macho kwa ile kanga iliyolowa, huku anacheka.

Nimezeeka kidogo sasa, nina watoto ambao kwao mtoko ni kila mwisho wa wiki. Wakiletewa samaki, anayekula kwanza ni simu. Wanampiga picha huyu perege ubavu huu na ubavu huu mpaka anapoa. Wakirudi nyumbani hawana la kusimulia, kwa kuwa kila mtu alishaona. Siwalaumu sana. Mimi mwenyewe nina picha nyingi za siku ambazo sizikumbuki, na ya ile Jumapili sina hata moja.

Desemba iliyopita Paskalina alikuja kutoka Mtwara anakofanya kazi, mama mtu mzima mwenye mvi zake chache na heshima zake, tukampeleka Mama mahali pazuri papya hapo mjini. Vitambaa vyeupe mezani, kijana mwenye tai anatuhudumia, muziki wa chini chini. Mama, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alikula akashiba. Alipomaliza tu, yule kijana akaziondoa sahani haraka, akapotelea nazo nyuma ya ukuta. Mama alimfuata kwa macho. Akageuza shingo taratibu huku na huku, akiangalia meza za watu walioinamia simu zao.

"Chakula kitamu," akasema. "Asanteni wanangu. Sasa hapa tumemtembelea nani?"

  Paskalina akaweka mkoba wake kwenye kiti, akamwita yule kijana na kumuuliza jikoni ni wapi, kisha akampa Mama mkono ainuke, wamfuate kijana huko kwenye vyombo.