Simu Mbili na Kidole cha Mama

Mimi huuza sweta za mitumba mjini Nyeri, na kazi hiyo imenifundisha kutoamini upande wa nje wa kitu chochote. Sweta naigeuza. Naangalia makwapa kwanza, halafu kola, halafu mishono ya ubavuni, ndipo niangalie rangi. Nikimaliza naigeuza tena, kwa sababu mara ya kwanza macho huwa na haraka. Kwa hiyo mama aliponituma nimtafutie simu ya kisasa, taabu yangu ya kwanza ilikuwa kwamba simu haina makwapa.

Mama anaishi Giakanja. Ana ng'ombe wawili wa maziwa na mashina ya chai ambayo idadi yake hunitajia kila ninapolalamika kwamba nimechoka. Alikuwa na kabambe, ile simu ya vibonye yenye tochi, ambayo ilikuwa imeanguka kwa ndoo ya maziwa ikaokolewa, ikaanguka tena ikaokolewa. Haikuwa na shida. Ila dada yangu mdogo anafanya kazi za nyumba huko Ghuba, na kila Ijumaa saa kumi, waajiri wake wakitoka, hupiga simu ya video. Kabambe haina video. Dada alikuwa anapigia simu yangu, na hiyo maana yake ni kwamba kila Ijumaa nilifunika sweta zangu saa saba, nikapanda Giakanja, nikakaa kando ya mama nikimshikia simu, dada akaonekana, wakaongea, nikarudi mjini jioni bila kuuza kitu.

"Nataka simu ya uso mkubwa," mama aliniambia. "Nataka huyo mtoto akipiga, niishike mwenyewe. Kwa mkono wangu. Wewe unajua bei, nitafutie ya maana."

Akafungua leso akanipa pesa ya bonasi ya chai, elfu kumi na mbili. Nilizihesabu mbele yake. Halafu nikazihesabu tena.

"Hiyo hesabu ya pili ni ya nani?" akauliza.

"Ni yako. Usije ukasema nilikula."

"Nilikuzaa. Najua unakula nini."

Nilidhani nimeelewa anachotaka. Nilidhani anataka kuniokolea nauli.

Siku tatu nilizunguka mjini nikiuliza. Kuna duka walitaka kunipa ile simu ya kulipa kidogo kidogo kila siku, ambayo ukikosa siku moja inajifunga yenyewe mpaka ulipe. Nilimwambia muuzaji kwamba mama yangu hajawahi kufungiwa na mtu, hata na marehemu baba, na hawezi kuanza na simu. Mwishowe nilibaki na mbili tu, nyeusi na ya bluu, zote kwa kibanda kimoja chini ya ngazi, kwa mama mmoja kutoka upande wa Meru. Yeye na Kimeru chake, mimi na Kikuyu changu, tungeweza kuelewana nusu nusu, lakini mambo ya pesa hayataki nusu. Tuliongea Kiswahili.

"Mum, chukua hii nyeusi," akasema. "Hii iko na kamera tatu."

"Mama yangu ana uso mmoja."

"Na hii bluu iko na moja tu huku nyuma. Sasa angalia hiyo tofauti."

"Za mbele ziko ngapi?"

"Moja moja."

"Basi hapo zimetoka sare. Nipe betri."

Betri zilikuwa sawa. Nikatoa daftari. Nyeusi ilikuwa elfu kumi na moja na mia tano, memori gigabaiti mia moja ishirini na nane, chaja ndani ya boksi. Bluu ilikuwa elfu kumi na mia tano, gigabaiti sitini na nne, na boksi halina chaja, eti siku hizi kampuni zinatunza mazingira. Chaja ya kuaminika ni mia saba. Kwa hiyo ile ya bei nafuu ilikuwa kwa kweli elfu kumi na moja na mia mbili, na kwa kuongeza mia tatu tu unapata memori mara mbili. Niligawanya. Nyeusi ilikuwa kama shilingi tisini kwa kila gigabaiti, bluu na chaja yake mia moja sabini na tano. Nikagawanya tena kutoka chini kwenda juu. Jibu lilikuwa lile lile.

Halafu nikafanya jaribio moja ambalo najivunia mpaka leo. Kibanda changu kiko ng'ambo tu ya barabara, kwa hiyo nilivuka nikaleta sweta mbili nzito na koti la mvua, nikamwomba aweke laini kwa nyeusi, nikaifunga ndani.

"Sasa unaivisha?" akauliza yule mama.

"Kwetu kuna ukungu. Simu ya mama hukaa ndani ya aproni, aproni ndani ya sweta, sweta ndani ya koti. Hebu ipigie."

Akapiga. Nyeusi ililia kama kifaranga chini ya kuku. Tukabadilisha, tukaivisha bluu, na ilipolia yule muuza viatu wa kibanda cha pili aligeuka akajipapasa mifuko. Nikaiandikia bluu pointi moja. Moja tu. Leo naona ningeiandikia zaidi, lakini kwa daftari sauti haikuwa na kipimo na gigabaiti zilikuwa nacho.

"Wewe umekuja kununua ama kukagua?" yule mama akauliza.

"Kukagua ni pesa ngapi?"

"Kwa sasa ni bure."

Tulivutana mpaka nyeusi ikashuka hadi elfu kumi na mia nane, na kava juu, na kioo cha kulinda skrini, ambacho alikibandika hapo hapo akikisugua na kadi ili nisibadilishe mawazo. Sikulipa. Sina desturi ya kulipa siku ile ile bei inapokubalika, kwa sababu muuzaji akikubali kwa furaha ujue kuna kitu hujaona. Nilimwambia nitarudi na mwenyewe.

Mama alishuka mjini Jumatano, na nguo ya kanisa. Alikuwa amepaka mikono yale mafuta ya kukamulia, ambayo huku kwetu asubuhi hupakwa chuchu za ng'ombe na kukipambazuka vizuri hupakwa nyuso za watu. Mikono iling'aa. Nilimkalisha kwa kiti cha kibanda, nikamwekea ile nyeusi kwa kiganja, nikamweleza memori na bei ya kila gigabaiti. Alisikiliza kama anavyosikiliza matangazo kanisani, akingoja kitu kinachomhusu.

"Sasa tufanye ni Ijumaa," nikasema. "Nakupigia. Ukiona hiyo alama ya kijani, iguse halafu utelezeshe kidole kwenda juu. Sawa?"

Nikapiga. Simu ikawaka, alama ya kijani ikaanza kurukaruka. Mama akagusa. Akatelezesha. Hakuna. Akarudia, polepole, ulimi umetoka kidogo kando ya mdomo. Hakuna. Simu ikalia mpaka ikanyamaza.

"Bonyeza tu kidogo, shosho," yule mama wa Meru akasema, akimfanya bibi yake.

"Shosho yako ako nyumbani," mama akamjibu, bila kuinua macho. "Piga tena."

Nikapiga tena. Nilidhani ni yale mafuta, nikamfuta vidole na upindo wa sweta yangu, kimoja kimoja, na hapo ndipo nilipovishika vizuri. Sijui mara ya mwisho nilikuwa nimevishika lini. Ncha za kidole gumba na cha shahada zilikuwa ngumu na nyeusi kwa utomvu wa majani ya chai, na nyufa ndogo ndogo zilizojaa ule weusi, ambao hautoki kwa sabuni. Hizo ndizo ncha ambazo zimekwanyua majani mawili na chipukizi tangu kabla sijazaliwa. Nikagusa skrini mimi. Ikafunguka mara moja. Akagusa yeye. Hakuna.

Yule mama akabandua kile kioo alichokisugua kwa bidii. Tukajaribu tena. Mara moja ikakubali, mara mbili ikakataa.

"Wengi wa chai wako hivyo," akasema, na safari hii alisema kwa upole. "Wanatumia kifundo. Kunja kidole hivi, ugonge na hapa."

Mama akaangalia kifundo chake.

"Nibishe hodi kwa mtoto wangu?"

Mama aliingiza mikono chini ya leso aliyojifunga kiunoni, na akaiacha huko. Ningependa kuandika kwamba hapo nilinyamaza, lakini nilikuwa nimefanya hesabu siku tatu na hesabu ilikuwa sahihi.

"Utazoea," nikamwambia. "Mara moja kwa tatu si mbaya. Ukikosa atapiga tena. Na hata ikikataa kabisa, si mimi niko? Nitakuwa nakuja kama kawaida."

Mama aliacha Kiswahili. Aliongea Kikuyu, kwa sauti ya chini, akiangalia barabara.

"Ijumaa wewe hukaa hapo kando yangu na kuangalia saa. Ukiona nimeanza kuongea, unasema bando inaisha. Mtoto ananiuliza niko aje, nasema niko sawa. Namuuliza yuko aje, anasema yuko sawa, kwa sababu anaona sikio lako kwa skrini. Miaka miwili tuko sawa. Mimi nataka kujua yuko aje."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na nauli za miaka miwili, Ijumaa za miaka miwili bila kuuza, bando ambazo sijawahi kumdai mtu. Ningeweza kumtajia jumla papo hapo, maana niliijua. Lakini mahali pa kuandika kile alichosema, upande wowote wa daftari, sikupaona. Na lililonichoma zaidi ni lile sikio. Ni kweli. Huwa nainama ili nisikie vizuri.

Yule mama wa Meru, ambaye naamini alisikia zaidi ya nusu, alichukua ile ya bluu, akahamishia laini ndani yake, akaiweka juu ya kaunta mbele ya mama. Akatoa simu yake mwenyewe akapiga. Bluu ikapiga kelele yake ya ajabu. Mama akatoa mkono chini ya leso, akagusa alama ya kijani na kile kidole kilichokataliwa, akatelezesha juu.

"Haro?" akasema.

"Haro, shosho," yule mama akajibu kutoka umbali wa hatua moja.

"Nakusikia. Na nakuona. Hiyo sweta yako imetoboka kwapa."

Yule mama alikuwa ameinunua kwangu, lakini hayo hatukuyazungumzia. Tulirudia mara tano. Mara tano ikakubali. Nikaomba mara ya sita, si kwa sababu ya shaka, ni mazoea.

Ilibaki bei, na hapo nilijua nimekwama, kwa sababu muuzaji alikuwa ameona mteja akipenda. Nikijaribu kusema hii simu ni nzee, memori ndogo, haina chaja, kila mtu pale angenicheka. Nikasema tu, "Tupe ya mwisho, na chaja ndani."

"Elfu kumi kamili. Na chaja."

"Na kava."

"Na kava. Na hicho kioo sitabandika."

Nilikuwa tayari kushuka hadi tisa na nusu na kupanda polepole. Mama akasema, "Sawa," na mazungumzo yakaishia hapo, katika biashara mbovu kuliko zote nilizowahi kushuhudia nikiwa nimesimama karibu. Nililipa. Chenji ya elfu mbili mama aliipokea akaihesabu. Halafu, akiniangalia, akaihesabu tena.

Alhamisi nilikwenda kumfundisha. Mimi jikoni, yeye kwa ng'ombe, napiga, anapokea, anakata, napiga. Mara ya nne alinipokea akaniambia nimenenepa kwa skrini na sitakiwi kupiga tena kwa sababu ng'ombe anakataa kuteremsha maziwa.

Ijumaa nilipanda tena Giakanja. Nilijiambia nakwenda kuhakikisha simu inafanya kazi.

"Leo si ulikuwa na biashara?" mama akauliza.

"Leo ni pole pole."

Saa kumi na dakika nne bluu ililia ndani ya aproni, ndani ya sweta, na jogoo akaijibu. Mama aliitoa, akapangusa kidole kwa aproni, akatelezesha. Nikasikia sauti ya dada yangu ikisema "Maitũ", vile alivyokuwa akimwita mama tulipokuwa wadogo. Kwa simu yangu alikuwa akimwita "Mum". Nikainuka nusu kutoka kwa kiti. Mama akaniangalia mpaka nikakaa, halafu akatoka nje, akapita zizi, akaingia katikati ya mistari ya chai.

Kutoka dirisha la jikoni niliona kichwa chake tu na mkono ulioshika simu karibu sana na uso. Dada lazima alikuwa akiona paji la uso na kitambaa. Ningetaka kwenda kumwambia aisogeze mbali kidogo. Niliosha vikombe. Nilipoangalia tena alikuwa amekaa chini na sikumwona kabisa, majani tu, na chai ya kwetu imekua vizuri mwaka huu. Kuna wakati nilisikia kama kicheko. Kuna wakati hapakuwa na sauti kwa muda mrefu, na huo ndio ulionifanya nikaushe kikombe kimoja mpaka kikapata joto.

Dakika arobaini na moja. Aliporudi alikuwa na majani kwa sketi na macho yake yalikuwa mekundu, lakini alitembea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Aliweka simu juu ya meza, uso chini, akaanza kutafuta ndoo ya kukamulia.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Amekusalimia."

"Hiyo tu? Dakika arobaini na moja?"

Mama alipata ndoo, akaigonga chini kutoa vumbi, akafikiria kidogo.

"Amekusalimia sana," akasema, akaenda kukamua.