Mrihani wa Baba

Mama alipohamia kwetu Masaka, baada ya baba kufariki, alikuja na sanduku moja na kopo la mrihani. Baba ndiye aliyeupanda, nyuma ya chumba chake cha cherehani kule Muhima. Nyumba ile ilikwisha kuuzwa, na mrihani mwingine wa mkono wake haukuwepo.

Kwetu bomba hutoa maji siku mbili kwa wiki. Nilisoma nilichoweza kupata, nikaandika utaratibu na kuubandika jikoni: maji ya kuoshea mchele yaende kwenye mboga, ya nguo yapigiwe deki, ya deki yaende chooni. Mama alivaa miwani akausoma wote.

"Na ya udhu?"

Sikuwa nimeyaandika. Yeye hutawadha kwa birika dogo, beseni likiwa chini, kisha huumwagilia mrihani. Siku moja niliyapima; hayakujaza jagi.

"Wanipimia udhu?" akasema. "Malaika wameshaandika, wewe pumzika."

Kiangazi kilipokaza, niliukuta mrihani umelegea. Nilikuwa nimetoka kuloweka mashati yangu meupe, ndoo imejaa, nikaona hasara kuyamwaga maji yale. Nikaumwagilia. Yalikuwa na javeli, dawa ya kung'arishia nguo. Utaratibu wangu uliuliza maji yametoka wapi. Haukuuliza yamebeba nini.

Baada ya siku tatu majani yalipauka yakaanza kudondoka. Mama aliinama, akanusa udongo, akanitazama.

"Utaratibu wako una mistari mingapi, baba?"

"Saba."

"Ongeza wa nane."

Alitafuta kijitawi kimoja kilichobaki kibichi, akakikata, akakitia kwenye glasi yenye maji ya udhu, dirishani.

Javeli sikuinunua tena. Mashati nayafua kwa sabuni ya mche, nayapaka ndimu, nayaanika juu ya majani juani. Hayawi meupe kama zamani. Mama anasema sasa yanafanana na ya mtu anayefanya kazi.

Kila asubuhi niliitazama ile glasi kabla ya kunyoa ndevu. Siku ya kumi nikaona mzizi, mwembamba kama uzi wa cherehani. Nikamwita. Alikuja na miwani yake, akaiinua glasi kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu sasa ni mdogo wako," akasema. "Usimpe kitu kabla ya kuniuliza."

Mpaka leo, nikishika jagi, namuuliza kwanza.