Kichupa Nyuma ya Bia

Mimi ni muuguzi niliyesomea jioni. Mchana nilikuwa nauza mandazi sokoni Gisenyi, jioni naketi darasani na mafuta bado vidoleni. Siku niliyopewa diploma mama yangu alipiga vigelegele mpaka, naapa, askari wa mpaka wa Grande Barrière walijipanga wakidhani msafara wa mkubwa fulani unapita. Ndiyo hivyo: aliyewalisha watu sukari miaka yote ile, leo kazi yake ni kuwashushia sukari. Mungu naye ana utani wake.

Kati ya wagonjwa wangu alikuwako mukecuru mmoja wa Rubona, bibi mfupi aliyerudi kutoka Kongo zamani na Kiswahili chake hakukiacha mpakani. Aliishi kwa binti yake, mwenye baa karibu na mahali mitumbwi inapoegeshwa. Alijichoma insulini asubuhi na jioni, na sukari yake ilikuwa na adabu kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Mara ikaasi. Kila nikimtoboa kidole, kipimo kinasoma namba za kupanda mlima Karisimbi. Daktari akaongeza dozi. Sukari nayo ikaongeza mwendo. Bibi akakonda, akawa anakunywa maji kana kwamba anataka kulimaliza ziwa Kivu peke yake.

Binti hakuhitaji daktari wa kumweleza. Kwake jambo lilikuwa wazi: mama anakunywa sukere kwa siri, soda za baa yake mwenyewe. Akaifungia sukari ya nyumba kabatini, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Kisha akatoa hukumu: mjukuu anaolewa Goma mwisho wa mwezi, na sukari isiposhuka, bibi habanduki Rubona. Na bibi huyo ndiye aliyekuwa amepewa kazi ya kumwingiza bibi harusi kwa ngoma. Alikuwa ameanza kuifanyia mazoezi tangu uchumba haujatangazwa.

Wakaja kwangu wakiwa wamenuniana.

"Muganga, umwambie aseme kweli," binti akaniambia.

"Nilisema. Mi sikunywaka sukere."

"Mama, kizibo nilikiokota chini ya kitanda yako."

"Tunaishi ndani ya baa. Hata chini ya kitanda ya padri ungeokota kizibo."

Nilicheka, binti hakucheka. Alipotoka nje kupokea simu, bibi akanishika mkono. "Kufa, nitakufa siku moja, haina shida. Lakini kuitwa muongo na mutoto nilibeba mugongoni, ile mi siiwezi."

Maneno yale yalinifuata mpaka kitandani. Siku yangu ya mapumziko nikashuka Rubona kumwona akijichoma mwenyewe, maana mara nyingi kosa huwa mkononi. Wapi! Alinawa, akazungusha viganjani kichupa kilichotolewa mapema kipungue baridi, akavuta dawa, akatoa hewa kwenye sindano, akachagua upande wa tumbo ambao hakuuchoma jana. Wengine darasani kwetu walifanya mazoezi juu ya machungwa, na machungwa yaliteseka kuliko tumbo lile. Nikakaa barazani nimeishiwa maarifa. Binti alikichukua kichupa, akaingia nacho ndani.

Ndipo mteja mmoja, fundi wa magari, akaiinua chupa yake na kuigeuza kichwa chini. Hakikutoka kitu.

"Mama, hii bière imekuwa jiwe. Mi nilikuja kunywa, sikuja kutafuna."

"We si ndiye ulilalamika mwezi uliopita ni ya moto?" binti akamjibu toka kaunta. "Bon, nilizungusha friji mpaka mwisho. Sasa unataka nini, niipulizie?"

Wote wakaangua kicheko. Mimi moyo uliruka ukagonga bati la paa.

"Dada, dawa ya mama unaiweka wapi?"

"Iko humu ndani ya friji, muganga. Nyuma kabisa, kwenye baridi kali, nyuma ya bia. Pale hakuna wa kuigusa." Alisema kwa fahari, na alikuwa na haki ya fahari. Alikuwa ameipa dawa ya mama yake mahali pa heshima kuliko bia zake zote.

Vichupa vya akiba vilikuwa vimegandamana na barafu, tukavibandua kwa kijiko. Nikakipasha moto mikononi kile alichokitumia, nikakizungusha mbele ya dirisha. Insulini yake inapaswa kuwa nyeupe sawasawa, kama maji ya mchele. Hii, ambayo sikuikagua kwa kutazama mkono tu, ilikuwa na chembechembe zilizong'ang'ania kioo, kama maziwa yaliyokatika.

"Insulini ikiganda imekufa," nikasema. "Ikiyeyuka haifufuki. Bibi amekuwa akijichoma maji tu."

Binti akakaa juu ya kreti. Akauvua ufunguo shingoni, akauweka mapajani mwa mama yake.

Bibi akaugeuza, akamrudishia. "Upikie muganga chai. Yangu bila sukari, kama siku zote."

Siku ile ile tulimpeleka kituo cha afya, akapewa vichupa vipya. Daktari akaishusha dozi pale ilipokuwa mwanzo, maana dawa nzima kwa dozi ile kubwa ingemwangusha. Nyumbani tukaachana na friji. Bibi alikuwa na mtungi wa pombe ya ndizi. Tukaweka mchanga uliolowa ndani yake, na katikati mtungi mdogo wenye kifuniko, vichupa vikalala humo kivulini. Fundi wa magari alisema hajawahi kuona mtungi uliookoka.

Sukari ikashuka. Ilishuka kama mwenye deni aliyemwona mdai wake njiani.

Basi bibi akavuka Grande Barrière, nami mwalikwa nyuma yake, insulini imefungwa kitambaa kibichi kikapuni, akitembea kana kwamba mpaka ule aliuchora yeye. Jioni akamwingiza bibi harusi kwa mikono iliyoinuka kama pembe za ng'ombe, na alipokanyaga, nadhani volkano ya Nyiragongo ilijiuliza nani anabisha hodi.

Alipoketi, kijana wa kuhudumia akaweka sukere mbele yake. Mama wa bwana harusi akamsihi bibi: "Kunywa kidogo, Koko. Leo ni sherehe, nani atajua?"

Binti yake akaichukua chupa ile, akaisogeza mbali.

"Mama alisema hakunywaka," akasema. "Akisema, ni vile."

Bibi akainuka tena kwenda kucheza.