Jicho kwenye Kikombe cha Evanthia

Nilikaa naye benchi moja miaka sita, tukigundisha vikombe vya karatasi kiwandani Queens, kwa hiyo habari za Evanthia Kalargi msinisimulie mimi. Eti alikuwa na kiburi? Alikuwa nacho, tena cha haki yake.

Siku zile mji mzima ulinywea kahawa kikombe kimoja cha buluu chenye picha ya mtungi wa Kigiriki. Hakikuwa chetu. Sisi tuliiga tu: kifanane nacho lakini kisiwe chenyewe, wanasheria wasije wakatubishia hodi. Mchoraji wetu alipoacha kazi, Evanthia akamfuata bosi, Bwana Lipkin, gundi bado mikononi.

"Nipe penseli. Wewe unaiga Ugiriki, mimi nimezaliwa huko."

"Chora kimoja," Lipkin akasema. "Stathis akikikubali, meza ya dirishani ni yako. Akikikataa, urudi kwenye gundi na nisikusikie tena."

Mzee Stathis ndiye aliyewaagizia vikombe Wagiriki wenzake wenye migahawa. Akikataa yeye, wamekataa wote.

Evanthia akachora mtungi mrefu wa masikio mawili, shingo nyembamba, aliouzoea tangu akichunga mbuzi kijijini kwao. Jamani, ulipendeza! Stathis akaja, akautazama, akajitemea mate kifuani kama afukuzaye mkosi. Tfu, tfu, tfu!

"We binti! Huu si mtungi wa makaburini? Wateja wangu wanywe kahawa ya matanga asubuhi yote hii?"

Kumbe mbuzi wale walikuwa wakila majani kwenye makaburi ya kale, na mtungi ulichongwa juu ya mawe yake. Lipkin, asiyejua kaburi wala mtungi, akamnyooshea Evanthia kidole: arudi kwenye benchi letu.

Hakusogea. "Mzee, ulipomzika mama yako walikupa kahawa. Uliikataa?"

"Niliinywa."

"Ikakupa nguvu, haikukupa?"

Evanthia akachukua penseli, akachora jicho kubwa la buluu tumboni mwa mtungi, lile la kufukuzia husuda. "Haya. Sasa nani atamgusa mteja wako?"

Stathis akacheka mpaka akakohoa. "Ulimi gani huo! Haya, chapeni."

Meza ya dirishani akaikalia miaka ishirini na mbili, mpaka kiwanda kikafungwa.

Juzi tumekwenda zetu kununua kahawa kwenye kigari cha kona. Muuzaji akatupa vikombe: mtungi, shingo nyembamba, jicho tumboni. Havikutoka kwetu. Hasira zikanipanda, nikasahau hata sisi tulikuwa nani.

"Wezi wakubwa! Hawana haya!"

"Nyamaza we," Evanthia akasema, machozi yakimlengalenga. "Maisha yangu yote nimeiga mtungi wa watu." Akamgeukia muuzaji. "Baba, niongeze kimoja kitupu, nikakiweke kabatini."

Tulipofika nyumbani akakisogeza mwangani, akakikagua kwa miwani.

"Jicho lina kengeza," akasema. "Mimi si rahisi kuigwa."