Moyo wa Mkindu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliifyeka mikindu ya kijitoni kwetu, haukubaki hata mmoja. Nilikuwa msichana wa kuolewa. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara za watu binafsi, na wachuuzi wa Muheza walipanda hadi kwetu, chini ya Bumbuli, kutafuta ukindu wa kusukia.

"Dada, ukindu mweupe wote nachukua. Kesho napita," mmoja aliniambia.

Kwetu ukindu una adabu yake. Unachomoa jani changa moja, lile lililofumba katikati. Linalofuata unaliacha lifunguke. Mimi nikaona hiyo kazi ya vikongwe. Nikashika panga, nikakata vichwa, majani machanga yakatoka yote kwa mkupuo. Shina baada ya shina. Nikajiona mjanja.

Shangazi Mwanahawa, dada mkubwa wa baba, alinikuta nafunga mizigo. Alikuwa anasuka mkeka wake wa kuzikiwa. Ulikuwa umefika nusu, na ukindu wake aliutoa kijitoni pale pale.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia. Alitazama mashina. "Umemchinja kuku, sasa unangoja yai?"

"Itachipua, shangazi. Mbona mgomba unakatwa na unachipua?"

"Huu si mgomba! Nenda Muheza ukate mnazi kichwa, ukate na mchikichi. Shuka tambarare ukate mvumo. Ukoo mmoja huo. Kila shina lina moyo mmoja, nao uko kichwani."

Nikacheka kimoyomoyo.

Vuli ikapita, masika yakapita. Mashina yakaoza yamesimama. Pembeni vilitoka vichipukizi, vifupi, havifai kusukia. Shangazi akafa kabla havijakua. Tulimpeleka kaburini juu ya mkeka wa plastiki wa dukani, wenye picha ya tausi. Ule wake wa nusu ninao mimi. Sijaumalizia, si wangu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao, na majuto ninayo.

Basi sikia. Kabla hujakata kitu, ujue kwanza uhai wake uko wapi. Chuma cha kuchumwa, moyo uuache. Mtaka yote hukosa yote, na mwenzake humkosesha. Na mkubwa asipoitikia shikamoo yako, usicheke. Keti uulize umekosa nini.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kupanda, mzito wa kukata. Na siku yako ikifika, mwanangu, ikute mkeka wako umekwisha kusukwa.